Kwenye Neno "Nyumbani"

Mkwe aliambiwa aifute programu ya pili ya muziki kabla hata chai haijapoa, naye akaifuta. Hakubisha. Mtu habishani na baba mkwe, hasa akiwa ameketi kwenye kiti cha baba mkwe, sebuleni kwa baba mkwe, na kikombe alichonacho kimejazwa na mama mkwe. Alisema tu, "Sawa, baba," akabofya, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, akaiambia ana hakika, na kazi ya jana nzima ikaenda zake.

"Nyingine," alisema Mwalimu, baba mkwe huyo. "Si ulisema ziko tele?"

"Ziko tele, baba."

"Basi leta nyingine. Na safari hii ulete inayojua kuimba."

Jikoni, mke wa Mwalimu alikuwa anamenya viazi, na kila alichomenya alikimenya mara mbili, ganda likaondoka na nusu ya kiazi. Mlango wa kwenda sebuleni hauna kitasa wala haufungiki, kwa hiyo yote yanayosemwa kule humfikia. Alisikia mkwe akimeza mate. Alisikia kipanya kikibofywabofywa, na mumewe akivuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto anapochelewa kujibu. Akatamani kutoka nje akae na kuku.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kazi ya mikono ya huyo huyo mkwe. Ana kibanda cha ufundi mbele ya duka la dawa, na hii aliiunga kwa viungo vya kompyuta zilizokufa: moyo wa hii, kumbukumbu ya ile, skrini ya ofisi fulani iliyofungwa. Ndani yake akaweka mfumo huria, ule usiouzwa, unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia kisha wakagawiana. Mwalimu alipoelezwa habari hiyo aliuliza swali moja tu.

"Mwenyewe ni nani?"

"Hauna mwenyewe, baba. Ni wetu sote."

"Kitu kisicho na mwenyewe, kikiharibika utamlilia nani?"

Siku hiyo walicheka wote, mkwe akacheka kwa adabu na mkono mdomoni. Sasa hakuna anayecheka, maana jibu limepatikana. Analiliwa yeye mkwe.

Na kilio chenyewe hakikuwa kidogo. Mwalimu amefundisha kwaya tangu alipokuwa kijana mwenye nywele, na nyimbo alizotunga zimejaa sanduku zima chini ya kitanda. Lakini hakuna hata mmoja uliowahi kuimbwa na kwaya nyingine zaidi ya yao. Alipostaafu, kwaya ilimpa kiti chenye mto, ikampa na jina la Mlezi, kisha fimbo ya kuongozea ikampa kijana mmoja. Mto ule alikuwa anaukalia kama mtu aliyekalia kisu. Ndipo mwezi uliopita Katibu wa chama cha kwaya akapiga simu: wimbo wake umeteuliwa kuwa wimbo wa lazima kwenye mashindano. Kwaya zote zitauimba, za mbali na za karibu. Mwalimu alishusha simu. Alikwenda kunyoa ndevu, saa nane mchana.

Tatizo ni kwamba Katibu hakutaka karatasi ya mkono. Alitaka iliyochapwa, tena pamoja na sauti, kila sauti peke yake, ya kwanza mpaka ya nne, ili kwaya zisizo na mwalimu zijifunze kwa kusikiliza kwenye simu. Mkono wa Mwalimu wenyewe siku hizi unatetemeka hata kubeba kijiko, herufi zake zimekuwa miguu ya kuku. Ikawa hakuna budi ila kompyuta.

Ya kwanza waliipa jina la Bubu. Bubu ilichapa nota vizuri ajabu, kwa herufi zile zile anazotumia Mwalimu tangu chuoni, d ya do, r ya re, m ya mi, kila herufi kwenye chumba chake. Lakini haikuwa na sauti. Ikafutwa, karatasi yake ikabaki ndani ya kompyuta. Ya pili iliitwa Mtoro, kwa sababu ilikuwa na tabia ya kujifungia yenyewe katikati ya kazi bila kuaga. Mkwe alihangaika nayo mpaka akaitibu utoro. Jana jioni Mtoro iliimba wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa ile sauti ya filimbi ya plastiki. Mwalimu alisikiliza amefumba macho, kidole kikipiga goti, anatabasamu. Ilipofika kwenye mstari wa "twende, jua linazama, twende nyumbani," kwenye neno hilo la mwisho, uso wake ukakunjika kama aliyetafuna jiwe kwenye wali.

"Hapo imekosea," alisema.

Wakairudia. Ikakosea vile vile.

Na jikoni, mkewe aliyekuwa anaosha vyombo aliacha sahani izame yenyewe. Yeye ni sauti ya pili. Amekuwa sauti ya pili tangu kabla ya ndoa, na pale kwenye "nyumbani" alijua barabara kilichotokea. Mtoro haikukosea hata kidogo.

*

Ya tatu ilikuja na tabia zake, ikaitwa Mbishi. Mbishi haikutaka kusikia habari za d na r na m. Ilitaka nota za mistari mitano, zile zenye vichwa na mikia, na mkwe hazijui hizo wala hizi. Basi wakagawana kazi: Mwalimu akashika karatasi yake ya zamani, iliyochapwa kwa taipureta na kupigwa gundi kwenye mikunjo, akawa anasoma kwa sauti, na mkwe akawa anabonyeza vitufe vya kinanda kilichochorwa kwenye skrini. Chati ya ngazi ya sauti, ile ya darasani, ilikuwa ukutani mahali pake pa siku zote, na Mwalimu alishika fimbo ya kuonyeshea ili mkwe asipotee.

"Sauti ya pili. Mi. Mi. Re. Mi. Umeweka?"

"Nimeweka, baba."

"Hujaweka. Umeweka mara moja, nimesema mi mara mbili."

"Nimeweka mbili, baba, ila Mbishi imeziunga ikafanya moja ndefu."

"Nani kaiambia iziunge?"

"Hakuna, baba. Inadhani inasaidia."

"Msaada wa kuku kupalilia shamba!" Mwalimu akagonga fimbo kwenye ukuta, chokaa ikadondoka. "Mtu anatunga wimbo, mashine inampangia! Tenganisha."

Mkwe akatenganisha. Mbishi ikaunga. Akatenganisha tena, akapata mahali pa kuizuia, jasho linamtoka kwapani wakati feni inazunguka juu yake. Jirani mmoja akapita kuazima nyundo, Mwalimu akamkaribisha ndani aje ashuhudie. "Huyu ndiye fundi aliyemuoa binti yangu," alisema. "Kompyuta ya bure, programu za bure, na matokeo unayaona. Rahisi ghali." Jirani akacheka, akachukua nyundo aliyoijia, akaondoka na mazungumzo ya wiki nzima. Mkwe naye akatabasamu, lile tabasamu la kuomba yaishe.

Mama mkwe aliingia na sinia la vikombe wakati huo huo, na alipomwona kijana wa watu anavyotabasamu, moyo ukamuuma kweli. Akataka kusema. Akasema, "Karibuni chai."

Alikuwa bado anaweka sinia mezani Mwalimu aliposoma mstari ule.

"'Jua linazama.' Mi, mi, re, mi. 'Twende nyumbani.' Mi, re, halafu 'nyumbani': fa. Fa ndefu."

Kwa mdomo wake mwenyewe, fa. Fimbo ikaenda kwenye chati ikagusa fa. Mkewe aliitazama ncha ya ile fimbo. Teno, yaani sauti ya tatu, hapo wako kwenye mi, sauti ya kwanza wako kwenye so, na yeye anawekewa fa katikati, kama mtu wa tatu aliyekalishwa kwenye benchi la wawili. Mdomo wa mumewe ulisema fa, macho yake yakaona fa, na bado masikio yake yanangojea mi. Yanangojea mi kwa sababu hayajawahi kusikia kitu kingine.

Mbishi ikaimba. Kwenye "nyumbani" ikapiga kelele ile ile ya Mtoro.

"Unaona!" Mwalimu alisimama. "Unaona! Hata hii!"

Mkwe akajikuna shingo. "Baba, nawaza... Mtoro na Mbishi zimetengenezwa na watu tofauti kabisa, hawajuani. Na zote zimekosea mahali pamoja. Labda tuangalie tena kwenye karatasi..."

"Karatasi hii nimeiandika wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, baba."

"Wimbo huu umeimbwa kwenye harusi, umeimbwa kwenye misiba, umeimbwa mbele ya wakubwa wa nchi, hapo hapo pakawaliza watu. Leo programu isiyo na mwenyewe inifundishe?"

"Hapana, baba."

"Futa."

Mama mkwe alimimina chai ikafurika kwenye kisahani. "Mwalimu," alisema taratibu, "mchagua jembe si mkulima."

"Na jembe lisilo na mpini je?" alimjibu bila kumtazama. "Hilo nalo nilime nalo? Futa, mkwe wangu."

*

Binti yao alipiga simu jioni ile. Mama akaenda kuipokelea nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, akiwa anaanua mashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo kwa kusema tu. Mama, huyu mume wangu amefunga kibanda siku zote hizi. Leo kuna mtu amekuja na kompyuta ya ofisi, amekuta kufuli, amevuka barabara kwa yule mwingine. Mimi sisemi kitu kwa sababu ni baba. Lakini anarudi hapa halafu haongei. Leo amerudi, amekaa kitandani, ananiambia, 'Mimi kumbe sijui kazi.' Mama, anajua kazi!"

"Anaijua. Nani kasema haijui?"

"Baba kasema! Mbele ya jirani! Mama, zungumza naye. Achague programu moja yaishe. Zote ni zile zile."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kweli, au utamwambia kama unavyomwambiaga?"

Mama akalikunja shuka ambalo alikwisha kulikunja. Mtoto ukimzaa mwenyewe anakujua mpaka utumbo. Alitaka kumwambia yote binti yake, hapo hapo kwenye kamba, lakini jambo lile lilikuwa limekaa kimya muda mrefu mno, na kila mwaka ulivyopita lilizidi kuwa zito kulinyanyua.

Halikuwa jambo kubwa lilipoanza. Siku walipofundishwa wimbo ule, wanawake wa sauti ya pili waliisikia ile fa na wote wakatazamana. Mwalimu wakati ule alikuwa moto wa kuotea mbali. Wiki moja kabla alikuwa amemfukuza teno mmoja aliyethubutu kunyoosha mkono kumkosoa. Basi wakati wa mapumziko, nje ya ukumbi, kwenye bomba la maji, mwenye sikio kali kuliko wote alisema, "Jamani tuimbe mi. Hatajua." Wakaimba mi. Mwalimu akafumba macho, akasema, "Hapo! Mmeona sauti ya pili walivyotulia?" Na wenzake wakamfinya yule mwenye sikio kali, wakicheka kwa ndani mpaka machozi. Miezi michache baadaye akaolewa na Mwalimu.

Kila mwimbaji mpya aliyekuja akaambiwa na wa zamani, kwenye bomba lile lile: pale usisome, sikiliza. Wengine walikuja watoto, wakaimba, wakazeeka. Na si wimbo ule tu.

*

Ijumaa asubuhi mkwe alikuja na macho mekundu na programu ya nne. Ilikuwa haina rangi wala picha, dirisha jeupe tu la kuandikia. Unaandika herufi, inasoma herufi, inaimba ilichosoma. Haiungi, haitenganishi, haitoroki. Mwalimu mwenyewe akaipa jina: Karani.

Ilikwenda vizuri kiasi cha kutisha. Mwalimu alisoma, mkwe akaandika, na kabla ya saa sita sauti zote nne zilikuwa ndani, kila moja kwenye mstari wake, unaweza kuzisoma kwenye skrini kama karatasi. Mkwe alijinyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza wiki ile Mwalimu alimpiga bega, akamwambia, "Sasa hii imekaa kikazi." Kijana akang'aa uso mzima. Mama mkwe alimwona aking'aa, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Simu ikalia. Katibu. Mwalimu akaiweka kwenye spika, wote wasikie, maana anapenda Katibu asikike.

"Mwalimu wetu, shikamoo. Tunaendeleaje?"

"Marahaba. Tunamalizia. Hizi mashine zina mambo."

"Ah, pole sana. Sasa Mwalimu, naomba usinielewe vibaya. Mchapaji anangoja leo saa kumi. Ikipita hapo... kuna wimbo wa kijana mmoja, ameshauleta, umechapwa, una sauti zake zote. Wajumbe wengine wanasema tuuchukue huo tu, tusikusumbue mzee wetu. Tutakutaja kwenye shukrani."

"Kwenye shukrani."

"Kwa heshima, Mwalimu."

"Utaupata," alisema Mwalimu, akakata simu. "Haya, mkwe wangu. Icheze."

Karani ikaimba. Twende, twende, jua linazama. Ikafika kwenye "nyumbani."

Nje mtu alikuwa anaita kuuza mifagio. Mkwe aliinamisha kichwa, akawa anatazama vidole vyake kama vimemkosea. Ule mng'ao wa uso ulikuwa umezimika, na Mwalimu, safari hii, hakupiga kelele. Ndilo lililomtisha zaidi mkewe. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Mama watoto. Njoo hapa."

Akaja.

"Huyu kijana hana hatia, hajawahi kuusikia wimbo huu ukiimbwa na watu. Ndiyo sababu hajui inapokosea. Muimbie sauti ya pili, hapo tu, asikie."

"Mimi?"

"Kuna sauti ya pili nyingine humu ndani?"

Alimpa karatasi. Akatoa kile kifilimbi chake cha kutolea sauti mfukoni, akapuliza do. Mama alishika karatasi, akaona f iliyochapwa na taipureta, nyeusi, imekaa imara. Akaimba. Sauti yake imeanza kuchakaa pembeni lakini katikati bado nzima, na ilipofika kwenye "nyumbani" ikashuka yenyewe ikatua kwenye mi, kama mtu anayejua kiti chake gizani.

Mwalimu akafumba macho. "Umesikia?" alimuuliza mkwe. "Hivyo. Hivyo ndivyo nilivyoandika."

Mkwe alitazama skrini. Akatazama karatasi mkononi mwa mama mkwe wake. Hajui muziki, lakini kazi yake yote ya kila siku ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichotokea. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye f, akafungua mdomo, akamtazama mama mkwe. Akayaona macho yake. Akafunga mdomo.

"Nini?" alisema Mwalimu.

"Hakuna, baba."

"Basi na hii nayo imeshindwa." Mwalimu aliketi. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Tuachane na sauti. Si karatasi ya Bubu ipo? Tuma karatasi peke yake. Walimu wa kwaya wataisoma wenyewe, wanadamu hawakosei kama mashine. Tuma."

Mkwe akaitafuta karatasi ya Bubu, akaiambatanisha, akaandika anwani ya Katibu. Mama alisimama pale pale, na ndani ya kichwa chake akazisikia kwaya zote, za mbali na za karibu, wamevaa sare zao zilizopigwa pasi, wamesimama mbele ya majaji na mumewe ameketi mstari wa mbele. Wote wamejifunza kutoka kwenye karatasi. Hakuna bomba la maji, hakuna wa kuwanong'oneza. Wanafika kwenye "nyumbani," wanafungua midomo, na wanaimba fa.

"Usitume," alisema.

Mkwe aliondoa mkono haraka kama aliyeguswa na umeme.

"Programu haijakosea," alisema mama. "Hakuna iliyokosea. Mtoro haikukosea, Mbishi haikukosea. Umeandika fa, Mwalimu. Sisi tunaimba mi."

"Sisi nani?"

"Sauti ya pili."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua karatasi. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Alisoma sauti ya kwanza hapo, akasoma ya tatu, midomo ikienda bila sauti. Mkwe alianza kuinuka, atoke, asishuhudie. Mwalimu akamwambia, "Kaa," naye akakaa.

"Kwaya nzima ilijua?"

"Ilijua."

"Yule kijana mwenye fimbo yangu?"

"Alijifunza mi tangu mtoto."

"Nani aliyeanza?"

Hapo angeweza kusema marehemu fulani. Marehemu walikuwepo wa kutosha, na hawabishi. "Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Ulikuwa umemfukuza yule teno. Niliogopa. Wote tuliogopa, halafu hofu ikaisha ikabaki heshima, na heshima ikawa mazoea. Mwalimu, tulikuwa tunakupenda."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Mngenipenda kidogo," alisema, "mkaniambia."

Mama akalia. Hakulia kwa sauti, alifuta tu uso kwa upande wa kanga yake, akafuta tena. Alikuwa na hasira pia, maana maneno ni rahisi kwa mtu ambaye siku zile hakuambilika. Hilo nalo alitaka kulisema. Hakulisema, leo alikuwa amekwisha kusema.

"Haya," Mwalimu alimgeukia mkwe. "Hiyo f. Inatokaje?"

"Nafuta, naweka m. Herufi moja tu, baba."

"Weka."

Mkwe akaweka. Karani ikaimba, na kwenye "nyumbani" sauti zote nne zikatua pamoja, safi, hata kwa ile sauti ya filimbi ya plastiki. Ilikuwa nzuri. Mwalimu hakufumba macho. Aliisikiliza ameyakodoa, akitazama dirisha lile jeupe. Kisha akasema, "Tuma. Karatasi na sauti. Karatasi pia irekebishe kwanza." Mkwe akarekebisha, akatuma, na Katibu akajibu kwa neno moja la kushukuru ambalo hakuna aliyelifurahia.

Mkwe akaanza kukunja waya zake. Kibanda bado kingeweza kufunguliwa jioni. "Baba, na hii Karani, niifute kama zile nyingine, au..."

"Usiifute."

"Sawa, baba."

"Na mkwe wangu." Mwalimu alikohoa, akatazama chati ukutani, akarudi. "Kazi unaijua. Nikimwona yule jirani wa nyundo nitamwambia."

Kijana akasema ahsante, baba, akainama kuchukua mkoba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama akadhani yamekwisha. Akachukua vikombe, akafika mlangoni.

"Mama watoto."

Akasimama.

"Ni wimbo huo tu?"

Vikombe viligongana kwenye sinia. Angeweza kusema ndiyo. Aliona jinsi mumewe alivyomtazama, jicho la mtu anayeomba aambiwe ndiyo, na pale pale akiomba asidanganywe tena.

"Siyo huo tu," alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi analivuta sanduku kwa mkono mmoja sakafuni, mkwe akakimbia kumpokea. Akapekua, akatoa karatasi, wimbo ambao kwaya huuimba kila wanapoanza mazoezi. Akaketi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mkwe wangu, una haraka?"

Mkwe alimtazama mama mkwe, akauweka mkoba chini. "Sina, baba."

Walisoma na kuandika mpaka viazi alivyobandika mama vikaungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Kisha Karani ikaimba. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anaujua mstari unaokuja, anahesabu moyoni. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Ghafla akainua fimbo.

"Simamisha."

Mkwe akasimamisha.

Mwalimu hakumgeukia yeye. Alimgeukia mkewe. "Hapa?"

"Hapo," alisema mama.